Aliyekodi Ndege Hajaukodi Mlima

Kuanzia Juni hadi Agosti unaweza kukaa Arusha siku kadhaa bila kuuona Mlima Meru. Asubuhi wingu la kijivu linalala juu ya Sakina, Ngarenaro na Kijenge, manyunyu yanakuja na kukatika, akina mama wa soko la Kilombero wamejitanda mashuka juu ya masweta, na mlima wenye urefu wa mita 4,562 unatoweka kana kwamba umehama. Muda huohuo Serengeti, zaidi ya kilomita 200 magharibi, jua linawaka na mtalii anapiga picha za simba bila koti. Kwa abiria wa daladala wingu lile ni baridi tu. Kwa rubani anayerudi kutoka Seronera, ndani ya Serengeti, na watu waliolipa fedha nyingi, wanaotaka kuwahi ndege ya usiku pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), mlima usioonekana bado upo palepale.

Tarehe 1 Septemba 1999 ndege ya kukodi aina ya Cessna 404, yenye injini mbili, iliondoka Serengeti kuelekea KIA na haikufika. Iligonga mteremko wa Meru. Watu wote 12 waliokuwemo walikufa, kumi kati yao wakiwa watalii kutoka Marekani. Zaidi ya robo karne imepita, na vijana wengi wanaoingia leo katika kampuni za utalii hapa mjini walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga. Nalitaja tukio hilo kila ninapopata nafasi, kwa sababu linahusu swali ambalo wengi tunaliuliza vibaya.

Tunauliza ndege ina umri gani. Tunauliza ni jeti au ya pangaboi, ina injini ngapi, ndani viti ni vya ngozi au vya kitambaa. Ni maswali ya haki, na nitayagusa. Ila miaka yote niliyofuatilia habari za ndege za kukodi kaskazini mwa nchi hii imenifikisha kwenye imani moja: usalama wa anayesafiri kwa ndege ya kukodi, au ya kwake mwenyewe, unategemea kwanza uwezo wa mtu mmoja kusema "leo haturuki", au "tunageuza", na kesho yake akarudi kazini kwake bila kuitwa ofisini. Mtu huyo ni rubani. Na anayemzuia kusema hivyo, mara nyingi bila kukusudia, ni mwenye fedha aliyekaa nyuma yake.

Ndege binafsi zinazokuja mkoani kwetu si za aina moja, na hatari zake hazilingani. Zile jeti nyeupe, Gulfstream, Falcon, Citation, zinazoleta wawindaji, matajiri wa mapumziko na wakuu wa nchi wanaokuja kwenye vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zinatua KIA. Pale njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,600 na uwanja uko chini kiasi, mita 894 hivi juu ya usawa wa bahari. Jeti hizo huendeshwa na marubani wawili, zina rada ya hali ya hewa, na zinapita juu sana ya mawingu yanayotusumbua sisi. Zikiendeshwa na wataalamu walioajiriwa kwa kazi hiyo, rekodi yake ya usalama duniani iko karibu na ile ya mashirika makubwa ya ratiba. Ukishuka ngazi, mambo yanabadilika. Ndege ndogo za kukodi zina rekodi mbaya zaidi ya hizo, na mbaya kuliko zote ni ndege ndogo za injini ya pistoni zinazoendeshwa na mwenye nazo mwenyewe, mwisho wa wiki, bila anayemsimamia.

Kwa hiyo tajiri aliyetua KIA kwa jeti yake amemaliza sehemu salama ya safari. Hatari inaongezeka anapohamia kwenye kandege ka kumpeleka porini.

Hapo ndipo Kisongo inapoingia. Uwanja wa Ndege wa Arusha, ndio huo wa Kisongo, uko kando ya barabara iendayo Dodoma, mashamba ya kahawa ya Burka upande wa mjini na malisho ya ng'ombe ng'ambo, katika mwinuko wa futi 4,550, yaani karibu mita 1,387. Mwinuko huo una maana kubwa. Kadiri unavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi, na joto linaipunguza uzito zaidi. Siku ya Februari yenye joto la nyuzi 28, ndege iliyosimama Kisongo inafanya kazi kana kwamba iko kwenye futi 7,000 na ushee. Bawa linashika hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, na ikishainuka inapanda polepole. Na mbele yake kuna vilima, pembeni kuna Meru.

Ukienda pale asubuhi utaona jinsi hesabu hiyo inavyoheshimiwa. Mizigo yote inapanda mizani. Mgeni ameshaambiwa tangu akiwa kwao kwamba aje na begi laini lisilozidi kilo 15, na bado kuna anayefika na sanduku gumu la magurudumu, anaanza kubishana na msichana wa kaunta kwa sababu ya viatu vya ziada. Nje, rubani mwenye shati jeupe anaizunguka ndege yake, mara nyingi Caravan yenye injini moja na viti kama 12. Anapitisha kiganja kwenye ukingo wa bawa. Anazungusha pangaboi taratibu kwa mkono, akisikiliza. Kisha anainama chini ya bawa na kukinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki angavu, anakiinua kuelekea kwenye mwanga. Anatafuta maji. Maji ni mazito kuliko mafuta ya ndege, yanatuama chini ya tanki, na yakiingia kwenye injini angani hakuna pa kuegesha. Akiona tone limejikunyata chini ya kikombe, anamwaga, anakinga tena, hadi kikombe kitoke safi. Abiria wanaendelea kupiga picha.

Msichana wa kaunta na rubani wa kikombe wanafanya kazi ileile: wanakataa kitu kidogo mapema. Kama mteja akipewa ruhusa ya kuwashinda hapo, kwenye kilo nne za viatu, atataka kushinda na kwenye wingu.

Wako watakaosema kwamba vifaa vya kisasa vimemaliza tatizo. Vimesaidia sana, na sitaki kuvibeza. Kifaa kinachomwonya rubani kwamba ardhi iko karibu, kazi ya maisha ya mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada aliyefariki mwaka 2023, kimeokoa watu wengi kuliko tutakavyoweza kuhesabu, kwa sababu ajali haihesabiki ikiwa haikutokea. Kinalinganisha mahali ndege ilipo na ramani ya milima iliyo kwenye kumbukumbu yake, kisha sauti inamwamuru rubani ainue pua ya ndege. Ndege kubwa zinalazimika kuwa nacho. Kadiri ndege inavyokuwa ndogo ndivyo sharti linavyolegea, na ndege ndogo ndizo zinazopita chini, katikati ya vilima vyetu.

Na hata penye vifaa vyote, binadamu hukosea. Arusha ina mfano wake ambao dunia nzima iliuona. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya shirika la Ethiopia ilikuwa inatoka Addis Ababa kuja KIA na watu takriban 200. Pale KIA ndege ndogo ilikuwa imekwama kwenye njia ya kurukia. Katika kusubiri na kutafuta, marubani wa 767 waliona njia ya lami mbele yao wakatua. Ilikuwa Kisongo. Njia ya Kisongo wakati huo ilikuwa na urefu wa mita 1,620, chini ya nusu ya ile waliyoitarajia. Midege ya ukubwa ule haina kazi pale. Ilisimama ikiwa imeshapita lami na kuingia kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Abiria walikaa ndani muda mrefu kwa sababu uwanja haukuwa na ngazi ya kuufikia mlango ulio juu kiasi kile, na ndege yenyewe baadaye ikabidi iondolewe ikiwa tupu na nyepesi ili iweze kuruka kutoka kwenye njia fupi.

Watu wengi walicheka siku ile. Mimi niliona kitu cha kutisha. Njia za KIA na Kisongo zimelala upande mmoja, mashariki na magharibi, na zina namba zilezile, 09 na 27. Umbali kati yake kwa ndege kubwa ni dakika chache. Marubani wawili wenye uzoefu, shirika lenye jina, ndege yenye vifaa vyote, mchana kweupe, na bado macho yaliona kile yalichotaka kuona. Sasa mfikirie rubani mmoja, peke yake, kwenye ndege ya injini moja, saa kumi na moja na nusu jioni, wingu limeshuka, na mgeni nyuma anatazama saa.

Milima ya eneo hili imekuwa ikipokea ndege nzima nzima, injini zikiunguruma sawasawa, tangu kabla ya Uhuru. Mei 1955 ndege ya DC-3 ya East African Airways ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, watu 20 wakafa. Julai 2003, ng'ambo ya mpaka, ndege ya kukodi iliyotoka Nairobi kwenda Samburu iliugonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, ikaua watu 14, wengi wao Wamarekani waliokuwa likizo. Novemba 2008 ndege ndogo ya kutalii angani ilianguka Mawenzi, wakafa watalii wanne. Novemba 2017 Caravan iliyokuwa inaelekea Serengeti ilianguka kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, karibu na Empakaai, watu 11 wakafa. Juni 2018 Caravan nyingine ikaishia kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya na watu 10. Kila ajali ina sababu zake, na sitaki kuzifunga kwenye fundo moja. Lakini ukizipanga kwa miaka unaona kwamba umri wa ndege haukuwa jambo kuu. Kulikuwa na mlima, mara nyingi kulikuwa na wingu, na kulikuwa na safari iliyotakiwa kufika.

(Siigusi hapa Falcon 50 ya Rais Habyarimana iliyoanguka Kigali Aprili 1994, ikitoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam. Ilitunguliwa. Hiyo ni habari ya vita, na mji huu, uliokaribisha mahakama ya Rwanda kwa miaka mingi, unaijua.)

Hiyo "safari inayotakiwa kufika" ndiyo ninayotaka tuitazame usoni. Kila mkazi wa Arusha amewahi kupanda Noah ya kukodi kwenda Moshi au Namanga na kusikia abiria wa mbele akimwambia dereva, "Kaka, ongeza mwendo, tumechelewa, nitakuongezea." Angani mambo ni yaleyale, kwa lugha ya heshima zaidi. Viwanja vya porini havina taa. Kisongo yenyewe kwa miaka mingi ilifanya kazi mchana tu. Jua hapa linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Ndege kubwa za kwenda Ulaya zinaondoka KIA usiku. Basi ratiba ya mtalii wa siku ya mwisho ni kamba iliyovutwa pande zote mbili: aone nyumbu asubuhi, ale chakula cha mchana kambini, aruke alasiri, atue kabla ya giza, aoge, aende KIA. Twiga mmoja barabarani, mvua moja ya alasiri, na ratiba nzima imebana. Anayebanwa zaidi ni rubani, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kwenye mnyororo. Kampuni ya utalii imeahidi, dalali ameahidi, kambi imeshamuaga mgeni. Yeye anakuta watu wamesimama na mabegi chini ya mti.

Mwezi Januari 2020 dunia ilimlilia Kobe Bryant. Helikopta aliyoikodi iliingia kwenye ukungu wa vilima vya Calabasas, California, rubani akapoteza hisia ya juu na chini, watu wote tisa wakafa, akiwemo binti yake. Wachunguzi wa Marekani walipomaliza kazi yao mwaka uliofuata walieleza jambo ambalo kila mwenye kukodi ndege angepaswa kulisoma. Hawakupata ushahidi wowote kwamba Bryant, au dalali, au kampuni, alimlazimisha rubani. Walisema huenda rubani alijisukuma mwenyewe. Alikuwa amemzoea mteja wake, alitaka kumfikisha. Kampuni haikuwa na ruhusa ya kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vifaa peke yake, na rubani alilijua hilo, na bado akaingia.

Nataka msomaji alione hilo vizuri. Mteja hakusema neno. Jina lake, fedha yake na urafiki wake vilisema. Kwa hiyo haitoshi mteja kuwa mpole na kunyamaza. Inabidi aseme kwa sauti, kabla ya kupanda, kwamba rubani akigeuza, yeye hatakasirika. Ninawajua waongozaji wa watalii wa hapa Arusha wanaofanya hivyo: wanamsalimia rubani mbele ya wageni na kumwambia, "Kapteni, sisi hatuna haraka kuliko wewe." Sentensi moja, na haina gharama.

Mwaka mmoja kabla ya Bryant, Januari 2019, mshambuliaji Emiliano Sala alikufa akivuka kutoka Nantes kwenda Cardiff, timu yake mpya. Wapenzi wa mpira wanakumbuka. Wachache wanakumbuka kilichogunduliwa baadaye: ndege ile ndogo haikuwa na ruhusa ya kubeba abiria wa kulipa, rubani hakuwa na leseni ya biashara wala ruhusa halali ya kuruka usiku, na moshi wa injini ulikuwa umevuja ndani. Aliyeipanga safari alihukumiwa miezi 18 jela. Mchezaji aliyenunuliwa kwa mamilioni ya pauni alisafirishwa kwa njia ya mkato, na hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu kwa macho ya abiria ndege ni ndege.

Njia ya mkato ya namna hiyo ipo kila mahali penye ndege ndogo na watu wenye haraka. Mtu ana ndege yake, ana leseni ya kuruka kwa raha zake, rafiki wa rafiki anataka kwenda kwenye hoteli fulani, wanakubaliana "kuchangia mafuta". Mafuta yanachangiwa pamoja na faida. Siku ikiharibika, bima inakataa, kwa sababu ile haikuwa safari ya biashara iliyosajiliwa. Ukiambiwa bei iliyo nusu ya bei za kampuni zote za Kisongo, uliza cheti cha mwendeshaji kilichotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na uulize kama namba ya ndege iliyoandikwa mkiani imo kwenye cheti hicho. Mwenye kampuni halali atakuonyesha bila kununa.

Viongozi nao wasijione wako juu ya hili. Kenya imezika mawaziri na majenerali kwa ajali za ndege na helikopta: Ahmed Khalif, Januari 2003, ndege ikiondoka kwenye kiwanja kifupi cha Busia na kugonga nyaya za umeme; George Saitoti, Juni 2012; Jenerali Francis Ogolla, Aprili 2024. Sisemi kwamba zote zilitokana na shinikizo. Nasema kwamba msafara wa mkubwa una uzito wake, na ni nani, pale chini ya bawa, mwenye mabega ya kumwambia waziri asubiri kesho?

Najua pingamizi la msomaji wangu wa Unga Limited au wa Usa River. Atasema: wewe unatuletea habari za jeti za matajiri wakati barabara zinatumaliza. Ana haki. Februari 2024 pale Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, lori lililokosa breki liliua watu 25 kwa mara moja. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Lucky Vincent liliingia korongoni Rhotia, Karatu, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Mji huu haujapona kidonda kile. Lakini hebu kumbuka na kilichofuata. Watoto watatu walionusurika, wakiwa na mifupa iliyovunjika vibaya, waliondoka KIA siku nane baadaye kwa ndege ya DC-8 ya shirika la misaada, wakatibiwa Sioux City, jimbo la Iowa, na Agosti wakarudi nyumbani. Tuliwaona wakishuka kwa miguu yao.

Ndege isiyo ya ratiba, kwa hiyo, si anasa ya tajiri peke yake. Shirika la afya la AMREF lilizaliwa mwaka 1957, na mmoja wa waanzilishi wake, daktari Michael Wood, alikuwa akilima Ol Molog, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alianza kwa kuruka mwenyewe kwenda kwa wagonjwa. Hadi leo mama mwenye uchungu uliokwama huko Loliondo anaweza kuokolewa na ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha vumbi. Na waliomo kwenye zile Caravan za kila asubuhi si wazungu tu. Wamo wapishi wa kambi wanaorudi zamu, wapo mafundi wa jenereta, wapo waongozaji. Rubani mwenyewe ana mama yake Tengeru. Na hakuna rubani anayepata shinikizo kuliko yule aliyebeba mgonjwa, maana hapo anayemsukuma ni huruma. Mashirika makini ya ndege za wagonjwa duniani yana desturi ya kutomwambia rubani habari za mgonjwa hadi aamue kama hali ya hewa inaruhusu. Ni ukatili kwa kusikia, na ni hekima.

Sasa tuje kwa serikali, kwa sababu rubani mmoja hawezi kuibeba hapana peke yake. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake. Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, yakiwemo madogo ya Kisongo ambayo hayana hata ndoto ya kuruka Ulaya. Sababu zilizotajwa zilihusu usimamizi: upungufu wa wataalamu wenye sifa na ukaguzi usiotosheleza. Mjini hapa wengi waliudhika, na naelewa. Kampuni iliyotunza ndege zake kwa miaka mingi ilitiwa kapu moja na yeyote yule, na mteja wa Ujerumani, anayepaswa kwa sheria za kwao kuambiwa atapanda ndege ya nani, akaanza kuuliza maswali kabla hajalipia.

Hata hivyo nadhani tulikasirikia upande usiofaa. Tukiliondoa jina la Ulaya kwenye hoja hiyo inabaki hoja yetu wenyewe. Mkaguzi wa ndege ni mtu mwingine anayelipwa ili aseme hapana. Anapaswa kuwa na ujuzi unaolingana na wa rubani na fundi anaowakagua, mshahara unaomfanya abaki, na uhakika kwamba akiifungia ndege wakati wa msimu wa watalii wengi hatapigiwa simu. TCAA hiyohiyo inayokagua mashirika ndiyo inayotoa huduma ya kuongoza ndege. Mataifa mengi yametenganisha kazi hizo mbili, kwa sababu ni vigumu kujikagua, na naona wakati wetu umefika.

Kisha kuna ripoti. Kwa taratibu za kimataifa, uchunguzi wa ajali ya ndege haufanywi kumtafuta wa kumfunga, unafanywa ili isitokee tena. Taarifa ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Ndege ya Precision ilipotumbukia Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 kati ya 43 wakafa, nchi nzima ilimjua Majaliwa Jackson, mvuvi aliyekimbilia kuokoa, na ilistahili kumjua. Ni wangapi walioisoma taarifa ya wachunguzi? Imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na abiria wa Bukoba hakuandikiwa. Ripoti hizi zifupishwe kwa Kiswahili, kurasa tatu au nne, zibandikwe Kisongo kwenye ukumbi wa kusubiria, mahali watu wanapokaa nusu saa bila la kufanya. Mimi ningeanza na ajali ya Meru ya 1999.

Shughuli inaongezeka. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa kwetu, Kenya na Uganda, na uwanja mpya wa mpira wa Arusha ni miongoni mwa vituo. Wakubwa wa soka na wenye fedha zao hawatakuja kwa basi. Jeti zitajaa KIA, na kila jeti itaacha watu wanaotaka kuona tembo kati ya mechi mbili, kwa ndege ndogo, kwa haraka.

Ndiyo maana naomba jambo moja dogo lifanywe na kampuni zote za hapa kabla ya hapo, bila kusubiri Dodoma wala Brussels. Mkataba wa kukodi ndege uwe na kifungu kinachosema wazi kwamba rubani akikataa kuruka au akigeuza kwa sababu ya hali ya hewa, uzito au ubovu, uamuzi wake haujadiliwi na mteja, na malipo yake ya siku hiyo hayapungui. Kiseme pia nani anamlaza mgeni usiku huo na nani anamtafutia gari la kumleta mjini kwa njia ya Karatu na Makuyuni. Gharama hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya safari yenyewe, na inaweza kuandikwa kwenye ankara tangu siku ya kwanza mteja anapoulizia bei.